Mtafiti naye ni mfanyakazi: hata kwenye labo kuna mazuku



Kila mwenyeji wa Goma anajua mazuku. Kule Himbi, Kyeshero, Bulengo, mpaka njia ya kwenda Sake, mzazi anamkataza mtoto kushuka asubuhi kwenye shimo la mawe, hata kama mbuzi ameingia humo. Ile hewa haina rangi wala harufu. Ni gazi karboniki inayotoka chini ya udongo wa volkeno, na ju ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mabonde na mashimo. Mtu mrefu anaweza kusimama pale akiongea vizuri tu, na mtoto aliyeinama karibu na miguu yake akazimia. Wanasayansi wa nchi za mbali leo wanaandika neno letu, mazuku, katika kazi zao, bila kulitafsiri.

Sisi tunaoshuka kwenye mashimo ya koltani na kasiteriti tunamjua ndugu yake mazuku. Kompresa ikizimika, wa kwanza kukosa pumzi ni yule aliye chini kabisa. PDG wa shimo yuko juu, anaongea kwenye simu, hajui kitu. Ndiyo maana tunaweka kamba: wa chini akivuta, wa juu asikie. Sendika yetu ilizaliwa kwa sababu hiyo moja. Yule aliye chini awe na kamba ya kuvuta.

Leo hatutazungumza juu ya shimo. Tunataka kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaiona kuwa kazi safi, kazi ya karamu na kompyuta: kazi ya utafiti. Mtu atauliza, sendika ya wachimbaji inaingilia nini mambo ya maprofesa? Tutajibu.

Watoto wetu ndio wako mle

Tuhesabu kidogo. Hapa Goma tuko na Observatoire Volcanologique, ile tunaita OVG, tangu 1986. Tuko na labo ya INRB iliyofunguliwa 2020, ambayo mwaka 2024 ilipima sampuli za mpox. Tuko na iniversite na taasisi nyingi. Halafu kuna zile ofisi za ankete zinazokuja na kuondoka: leo wanauliza juu ya koltani, kesho juu ya wakimbizi, kesho kutwa juu ya malaria.

Ni nani wanaotumika kwenye kazi hizo? Profesa ni mmoja. Lakini kuna anketeri anayetembea kilomita kumi na tano na tableti ndani ya mfuko. Kuna mkalimani. Kuna motari. Kuna fundi wa labo, mama anayeosha vyombo vya labo, mlinzi wa mashine ya kupima matetemeko kule mlimani, mstazheri ambaye hajalipwa hata franga moja. Ukiwauliza wametoka kwa nani, wengi ni watoto wetu. Ni yule kijana uliyemlipia masomo kwa mifuko ya mchanga uliyobeba mgongoni. Ni yule binti ambaye mama yake ni twangaise, ametwanga mawe miaka ishirini ili mtoto aingie jeoloji.

Kwa hiyo mambo ya maprofesa ni mambo yetu. Kama tulimtoa mtoto kwenye shimo ili akaumizwe ndani ya biro, tumefanya kazi ya bule.

Yaliyompata binti mmoja

Tutasema jambo moja tulilolishuhudia wenyewe. Jina la ofisi hatulitaji, na jina la binti ni lake.

Ofisi moja ilikuja kufanya ankete kwenye machimbo. Walichukua vijana sita wa hapa, wasichana wawili kati yao. Hakuna aliyepewa kontra. Walipewa jile yenye nembo, na neno la mdomo: dola kumi na tano kwa siku. Siku ya tatu mvua ikanyesha, njia ikakatika. Jipu moja tu ndiyo ilikuwa na uwezo wa kupita. Wakubwa wakaingia, na mashine zikaingia. Binti mmoja akauliza: «Papa, na sisi?» Akajibiwa: «Weye uko mukozi wa siku tu. Utarudi na moto kesho.»

Moto haikupatikana. Usiku ule yule binti alilala kwa mama mmoja wa sendika yetu, mlango umefungwa na meza, maana msimamizi wake wa ankete, ambaye naye alibaki, alikuja mara mbili kubisha akidai wazungumze juu ya «kuongezwa siku za kazi». Kesho yake binti alirudi Goma kwa pesa yetu. Aliposhtaki, aliulizwa swali moja: «Uko na ushahidi gani?» Jina lake likatolewa kwenye orodha. Msimamizi aliendelea na kazi.

Tulikwenda kwenye ile ofisi. Tulipokelewa vizuri, na maji ya chupa. Wakatuonyesha ukutani karatasi nzuri yenye maneno ya Kifaransa: heshima, usalama, usawa. Tuliwauliza: «Binti huyu angevuta kamba gani?» Hawakuwa na jibu. Namba ya simu ya kushtaki ilikuwa ya yule yule msimamizi.

Hayo si mageni kwetu

Wengine watasema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hapana. Tukumbuke ebola. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Beni, Butembo, Mangina na Katwa waliteseka na ugonjwa ule. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Wakati huo huo ilifanyika kazi kubwa ya utafiti hapa kwetu. Dawa nne zilijaribiwa pamoja, na mnamo Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili zinaokoa watu kuliko zingine. Moja ya hizo mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya Mkongomani aliyepona ebola ya Kikwit mwaka 1995, na profesa wetu Muyembe alikuwa mstari wa mbele. Tunajivunia jambo hilo, na tuko na haki.

Lakini ndani ya kazi ile ile kulikuwa na mazuku. Tarehe 28 Septemba 2021 komisheni huru, ambayo mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, ilitoa ripoti yake. Ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika kazi ya kupambana na ebola, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS, shirika la afya la dunia. Wanawake wengi walieleza jambo moja: waliahidiwa kazi, ama kulinda ile waliyokuwa nayo, wakidaiwa miili yao. Hawa hawakuwa wanawake wa mbali. Walikuwa wapishi, wasafishaji, wafanyakazi wa siku, mabinti waliokuwa wanatafuta kazi.

Angalieni vile mazuku inafanya. Wakubwa wengi walisema hawakujua. Pengine ni kweli, maana walikuwa wamesimama, na hewa mbaya ilikuwa chini. Lakini yule anayesema «sikujua» hajasafishika. Kama wewe ndiwe mkubwa wa shimo, kazi yako ni kujua chini kuna hewa gani.

Kuna jambo lingine. Tarehe 12 Machi 2017, kule Kasai, wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa wakifanya uchunguzi. Dunia yote ililia, na ilipaswa kulia. Lakini hawakuwa peke yao. Walikuwa na mkalimani Mkongomani na wamotari Wakongomani. Maiti za wale wawili zilipatikana wiki mbili baadaye. Familia za Wakongomani zilibaki bila kaburi la kulilia. Ni watu wangapi kati yetu wanaweza kutaja hata jina moja la hao?

Watafiti wa hapa kwetu wenyewe wameanza kusema. Pale Bukavu, kikundi cha watafiti, wakiwemo Wakongomani, walianzisha maandiko yanayoitwa Bukavu Series, na mwaka 2020 yakatoka kama kitabu. Humo wasaidizi wa utafiti wanaeleza mambo tuliyoyajua bila kuyaandika: wao ndio wanaoingia vijijini mwenye bunduki yuko, ndio wanaokamatwa na kuitwa majasusi, ndio wanaosikia hadithi za kuua na kubakwa mpaka usingizi unakimbia; halafu kitabu kinatoka Ulaya na jina lao halimo. Tukisoma tunaona kama ni sisi tunasoma. Mchimbaji naye anatoa jiwe, na jiwe likifika mbali linaitwa la mwingine.

Usalama wao ni usalama wa mji

Pengine bado unasema: hayo ni ya wao. Basi tazama mlima.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilimwaga ziwa lake la moto kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wetu mpaka ziwani. Watu kama laki nne wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, mlima ulipasuka tena, lava ikafika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi.

Kabla ya ule usiku wa 2021 nini kilikuwa kimetokea? Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Wakubwa wa OVG wenyewe walieleza mbele ya waandishi wa habari kwamba kwa miezi mingi walikosa intaneti ya kupokea habari kutoka kwa mashine za mlimani. Hatusemi kwamba kama intaneti ingekuwepo mlima usingepasuka. Mlima haungoji intaneti. Tunasema kwamba mtu anayelinda mji wa watu zaidi ya milioni moja alitumika bila chombo, kama mchimbaji anayeshushwa bila taa.

Na chombo siyo mashine peke yake. Fundi anayepanda mlima kurekebisha kifaa, njia ya kupanda ina watu wenye silaha, hana asiransi, mshahara unachelewa, na akisema «shefu, kile kifaa hakitumiki» anaogopa kuonekana msumbufu, huyo fundi atanyamaza. Na akinyamaza, ni mtaa wa Majengo unaolala bila habari. Mahali pa utafiti ambapo mdogo anaogopa kumwambia mkubwa habari mbaya, utafiti wenyewe ni wa uongo. Sampuli itaandikwa kuwa nzuri wakati imeharibika. Ankete itajazwa chini ya mti na mtu ambaye aliogopa kwenda kijijini na hakuthubutu kukataa. Halafu serikali na mashirika yatapanga mambo yetu juu ya zile karatasi.

Tuliona pia kule Kamituga, mji wa dhahabu. Mwishoni mwa 2023 ndipo aina mpya ya virusi vya mpox ilianza kuonekana mle, kati ya wachimbaji na wanawake wanaouza miili. Ilijulikana kwa sababu kulikuwa na waganga, mafundi wa labo na watafiti waliokaa na wagonjwa, wakasikiliza bila kuwatukana. Mtu aliyetukanwa hatoi habari. Na mtafiti ambaye yeye mwenyewe anatukanwa kazini, atapata wapi heshima ya kumpa mgonjwa?

Na sisi, je?

Sasa tujiangalie, maana nyani haoni kundule.

Mwanamke mtafiti anapofika kwenye machimbo yetu, tunampokea namna gani? Tunajua. Kuna miluzi. Kuna anayemwuliza kama ameolewa kabla ya kumwuliza amekuja kufanya nini. Kuna anayesema jibu litatolewa usiku. Na kuna ile imani yetu ya zamani kwamba mwanamke akiingia ndani ya shimo, madini inakimbia. Wajeoloji wangapi wa kike wamesimama juu ya shimo, wanaume wasiojua kusoma ramani wakishuka mahali pao? Tuseme ukweli: madini tumeikosa mara nyingi, na siku hizo hakukuwa na mwanamke yeyote ndani.

Sheria nayo tuliipindua. Masharti ya kuainisha machimbo, kijani, manjano na nyekundu, yanakataza mama mja mzito na watoto kutumika mle. Hiyo ni kwa kulinda afya. Lakini mahali pengine wakubwa wa machimbo walilibeba lile neno wakafukuza kila mwanamke, awe na mimba au hapana, ili wasigawane naye kazi. Mama zetu wa RENAFEM, mtandao wa wanawake wa migodi, wamelia sana juu ya jambo hilo. Kinga ikigeuzwa kuwa ukuta, siyo kinga tena.

Hata ndani ya sendika yetu, kwa miaka mingi mikutano ilifanyika saa kumi na mbili jioni, kwenye ngada ya pombe. Mama gani angekuja? Halafu tukasema wanawake hawapendi sendika. Tulipohamisha mkutano saa nane mchana, kwenye uwanja wa shule, walikuja wengi, na wao ndio waliotuletea habari ya yule binti. Hatusemi hivi kwa kujisifu. Tulichelewa.

Kisha kuna lugha na kabila. Mikutano ya utafiti inafanyika kwa Kifaransa, siku hizi hata kwa Kiingereza, na masharti ya usalama yanaandikwa kwa lugha hizo. Mlinzi na msafishaji wa labo wanaambiwa wasaini. Mtu anasaini asichokielewa, halafu akiungua kwa dawa anaambiwa: ulisaini. Na katika hii vita, kijana anaulizwa jina la babu yake kabla ya kuulizwa diploma. Wengine wanaachwa nje ya timu kwa sababu ya sura yao, wengine wanatumwa kwa nguvu mahali ambapo sura yao ni hatari. Yote mawili ni mabaya. Na mtu mwenye ulemavu, aliyekatika mguu ndani ya shimo au kwa bomu, ana kichwa kizima cha kuchambua hesabu, lakini biro iko gorofa ya tatu bila njia yake. Nchi hii ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu tarehe 3 Mei 2022. Ngazi hazijaisoma.

Sheria iko

Wengi wanafikiri mfanyakazi wa siku hana haki. Si kweli. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, inasema hivi katika kifungu cha 40: mtu wa siku akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabika kuwa na kontra isiyo na mwisho. Mwambie mtoto wako ahesabu siku zake kwenye daftari. Daftari ni ushahidi.

Usumbufu wa kingono ni kosa la jinai katika nchi hii tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inadai usawa wa mwanamke na mwanaume. Katiba, kifungu cha 38, inatupa uhuru wa sendika. Ajali ya kazini ni mambo ya CNSS, na mwajiri asiyekuandikisha CNSS amekuibia, hata kama anakuita «msaidizi» na siyo mfanyakazi.

Na mwaka 2019, kule Geneva, dunia ya kazi ilikubaliana juu ya mapatano namba 190 dhidi ya ukatili na usumbufu kazini. Yanawataja hata mstazheri, anayejitolea, na anayetafuta kazi. Yanahesabu pia safari ya kazi na mahali pa kulala safarini kuwa ni kazini. Yaani ule usiku wa meza mlangoni ulikuwa ni kazini.

Neno tunaloambiwa

Tunaambiwa: «Mukisema sana, hao watu wataenda na ankete zao mahali pengine, na vijana watakosa hata hizo dola kumi na tano.» Ni neno zito, hatulidharau. Vita imetufunga, Rubaya ilishikwa mwisho wa Aprili 2024, njia zilikatika, wengine wetu tulilala ndani ya hema. Mwenye njaa hachagui kwa urahisi.

Lakini neno hilo tulilisikia zamani kwenye shimo. Tulipodai miti ya kushikilia ukuta, tuliambiwa PDG atafunga. Wengine walifunga kweli, kwa wiki mbili tatu. Halafu walirudi na miti, maana madini iko hapa, haiko kwingine. Na mlima uko hapa. Magonjwa yanayotafutiwa dawa yako hapa. Koltani inayoandikiwa vitabu iko hapa. Wenyeji wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija na mwenyeji akaumia, tuko na haki ya kumwuliza amekuja kufanya nini.

Hata watafiti wema, na wako wengi, tumekaa nao tumekula nao, wanatwambia kwamba wanahitaji kusaidiwa na sauti kutoka chini, ili nao wawadai wale wanaotoa pesa. Tuwasaidie.

Tunaomba nini

Kwa kila ofisi, labo, iniversite na timu ya ankete inayotumika katika Kivu yetu, tunaomba mambo saba, na yote hayana gharama ya kumfilisi mtu.

Kwanza, kontra ya maandishi kwa kila mtu, hata wa siku tatu, kwa lugha anayoijua. Kiswahili kinaandikika, gazeti hili ni shahidi.

Pili, asiransi na CNSS kwa wote wanaopanda gari moja, kuanzia profesa mpaka motari. Na likija jambo la kukimbia, wote wanapanda. Mashine ibaki.

Tatu, haki ya kukataa kwenda mahali pa hatari bila kufukuzwa. Mwenyeji akisema njia hii leo hapana, neno lake lisikilizwe kabla ya ratiba.

Nne, watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja mwanamke, wasiokuwa wakubwa wa kazi ya mlalamikaji, na mmoja awe mtu wa nje ya ofisi. Namba zao zibandikwe pale chakula kinapoliwa.

Tano, malazi na choo vya wanawake safarini, vyenye kufuli ya ndani. Mtu atacheka kwamba tunaandika choo gazetini. Muulizeni binti aliyeacha kunywa maji siku nzima kazini.

Sita, nafasi ya kazi itangazwe wazi, si kwa simu ya mjomba. Kabila lisiandikwe. Mwenye ulemavu apewe njia ya kuingia.

Saba, jina. Aliyetafuta habari jina lake liandikwe kwenye kazi, isipokuwa yeye mwenyewe aombe lifichwe kwa ajili ya usalama. Na majibu ya ankete yarudi kwa waliojibu, yasomwe mbele yao.

Kwetu sisi wenyewe tunajiwekea moja tu: mtafiti mwanamke akifika kwenye shimo lolote lenye watu wa sendika yetu, atapita kama dada yetu anavyopita. Atakayemsumbua ataitwa mbele ya komite, hata kama ni mzee wa komite. Na akitaka kushuka, na kamba ni nzima, atashuka.

Basi jioni hii, mtoto wako akirudi kutoka kazi ya ankete ama labo, usimwulize pesa kwanza. Mwulize: leo ulipita njia gani? Ulikuwa na nani? Kuna mtu alikuogopesha? Mwulize kwa upole, mara mbili, maana mara ya kwanza atasema «hapana, mama». Halafu leteni daftari lake kwa sendika, hata kama yeye si mchimbaji. Tumeamua kwamba mlango wetu uko wazi kwake pia.

Yule binti wa ile usiku amepata kazi mahali pengine, ya kuandika takwimu. Juzi alikuja kutusalimia. Aliuliza kama tutaandika. Tulimwambia ndiyo. Akasema: «Muandike kwa Kiswahili, mama yangu asome.»

Mama, ndiyo hii.